Yai la Mwenye Pumu

Kwanza lijulikane jambo moja: Chuma hakuwa mchoyo. Ungemwomba sindano yake ya mwisho angekupa, na kifungo kikikukatikia njiani angekushonea umesimama hapo hapo, bila hata kukuuliza unatoka wapi. Ila kwa mdogo wake alikuwa na gere. Gere hilo lilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu na halikuwa limeng'oka hata jino moja.

Lilianza na yai. Mama yao alikuwa fundi wa kushona, mjane mwenye cherehani moja, kuku mmoja mtagaji na mabinti wawili. Yule mdogo alizaliwa na kifua kibovu. Akicheka sana anakohoa, akikimbia hatua kumi anakaa chini, na kifua kinalia miluzi mpaka chumba cha pili. Mama aliamini kwamba pumu hutolewa kwa kulishwa. Basi kila asubuhi yai lilichemshwa, likamenywa, likatiwa chumvi, akapewa mgonjwa. Papai likiiva, kipande cha katikati ni cha mgonjwa. Supu ikipikwa, ile ya juu yenye mafuta ni ya mgonjwa. Mkubwa alipouliza na yeye atapewa lini, mama alimpigapiga mgongoni kwa fahari na kumwambia, "Wewe ni chuma, mwanangu. Chuma hakihitaji yai."

Majina yakaganda hapo hapo. Mkubwa akawa Chuma, mdogo akawa Yai, na majirani wakasahau kabisa yale ya kuzaliwa. Wakati huo Chuma alikuwa na miaka minane. Mama akishatupa maganda, Chuma aliyaokota, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akakwangua kwa meno ule weupe uliobaki umeshikamana na ganda. Hakumwambia mtu. Hata mumewe, aliyeishi naye miaka ishirini na kumjua mpaka anavyokoroma, hakuwahi kuambiwa habari ya maganda.

Wote wawili walirithi kazi ya mama. Walishona katika karakana moja ya sare za shule na za wafanyakazi, ghorofa ya pili, ngazi ishirini na mbili kwenda juu. Mafundi kumi na moja walikaa kwenye cherehani kando ya ukuta, na katikati ya chumba ilisimama meza ya kukatia, ndefu kama kitanda cha watu watatu. Meza hiyo ilikuwa ya Chuma. Alipanga tabaka kadhaa za kitambaa, akaweka karatasi ya kukatia juu, akachora kwa chaki, kisha akashusha mkasi. Mafundi wote walisubiri mkono wake. Yai alikuwa mchoraji wa zile karatasi, na alichora vizuri, hilo hata Chuma alikubali, shingo upande.

Kasoro ya karatasi za Yai ilikuwa moja tu, nayo aliirithi kwa mama. Hakuonyesha nafasi ya mshono. Alichora nguo kama itakavyokaa mwilini, na ule upana wa vidole viwili wa pembeni, wa kupitishia sindano, aliuacha kichwani mwake. Ukitumia karatasi ya Yai ni lazima uongeze mwenyewe. Karakana nzima ilijua hivyo. Fundi mmoja mgeni ndiye aliyekuwa hajui. Siku moja Chuma akiwa hayupo, mgeni yule alikata blauzi arobaini na nane zikatoka zinabana kama ngozi ya nyoka. Bosi alifoka siku mbili. Chuma hakuona haya kufurahi. Wiki nzima alipita pembeni ya cherehani ya mdogo wake akimuuliza kama blauzi zile ni za wanafunzi au za wanasesere, na mafundi wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Pumu ilimfika Chuma akiwa na miaka arobaini na moja. Alidhani ni mafua, halafu akadhani ni vumbi la pamba, halafu akashindwa kufika juu ya zile ngazi. Daktari alimwambia kwamba pumu si ugonjwa wa watoto peke yao, kwamba wapo wanawake wengi wanaoipata ukubwani, na kwamba ule unene alioongeza baada ya uzazi wa mwisho ulikuwa unakielemea kifua. Akampa dawa mbili za kuvuta. Inhela ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, aumwe asiumwe. Ya bluu ni ya pale anapobanwa.

Ni aibu kusema alichohisi siku ile akitoka kwa daktari, lakini ndicho alichohisi. Alifurahi. Zamu yangu imefika, alijiambia. Kisha akakumbuka kwamba mama alikuwa kaburini mwaka wa pili sasa, na hapakuwa na mtu wa kumchemshia yai. Alilia kwenye kituo cha basi mbele za watu, na watu wakadhani amefiwa jana.

Yai alimjia na supu na ushauri. Alimfundisha jinsi ya kukaa akibanwa, ainamie mbele, viwiko juu ya magoti. Alimwonyesha namna ya kuvuta dawa taratibu badala ya kuimeza kama pipi. Chuma alishukuru kwa midomo. Moyoni alisema, kumbe hata ugonjwa ukija kwangu unakuja umeshavaliwa na mwingine.

Wakaanza kwenda kliniki ya kifua pamoja, Jumanne ya kwanza ya kila mwezi. Nesi wa pale alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alimpa kila mgonjwa kibomba cha kupuliza, na mshale mdogo ukapanda kuonyesha nguvu ya pumzi. Mwaka wa kwanza walikuwa karibu sawa, Yai mia mbili na sitini, Chuma mia mbili na hamsini. Chuma alizikumbuka namba za mdogo wake kuliko siku za kuzaliwa za watoto wake.

Halafu Nesi akaanza somo la chakula. Alitaka kila mwanamke awe na daftari la kuandika anachokula. Soda na vya kukaangwa wapunguze, mboga za majani na matunda waongeze, chai isigeuke uji wa sukari, na mwenye uzito wa ziada aushushe polepole, kwa sababu tumbo zito hulibana pafu kwa chini. Akasema pia, tena mara mbili, kwamba hakuna chakula kinachoponya pumu, kwamba chakula hutembea pamoja na dawa na hakichukui nafasi ya dawa. Chuma hakuyasikia hayo ya mwisho. Alikuwa anaitazama blauzi ya Yai, ambayo yeye Chuma ndiye aliyeishona kwa vipimo alivyovijua, akaona inapwaya kiunoni.

Miezi minne baadaye Yai alipuliza mia tatu na tisini. Nesi alimshika mkono akamsimamisha mbele ya wanawake wote ili awaambie amefanyaje. Yai aliona haya. Alisema tu kwamba anakula mboga, anakunywa maji, na anaandika daftari lake. Wakampigia makofi. Chuma naye alipiga makofi, na kila kofi lilimuuma. Yeye alikuwa amepuliza mia mbili na thelathini.

Hayo angeyameza kama alivyoyameza mengine. Kilichomkaa kooni ni bosi. Bosi alikuwa mtu wa haki kwa kiasi chake, ila kazi yake haikungoja mtu. Mwezi ule Chuma alikuwa amekosa siku sita. Bosi akawaita wote wawili, akasema bila kuzunguka kwamba meza ya kukatia inataka mtu wa kila siku, na kwamba sare za muhula mpya zinaingia baada ya wiki sita. Chuma akikaa sawa hadi hapo, meza ni yake. Asipokaa sawa, atakata Yai. Yai akafungua mdomo kusema kitu, bosi akainua mkono, mazungumzo yakaisha.

Usiulize kwa nini Chuma hakumwendea mdogo wake kumuuliza anafanyaje. Mtu aliyelamba maganda hawezi kurudi kuomba yai. Alichofanya ni cha kifundi. Mchana Yai alipotoka kwenda kunawa, Chuma alifungua droo ya cherehani yake, akatoa lile daftari, akalinakili kama anavyonakili karatasi ya kukatia, mstari kwa mstari, kwenye karatasi ya kahawia ya karakana. Ilimchukua michana mitatu. Alinakili chungwa la saa nne. Alinakili mchicha, maharage, samaki wa kuchemsha, yai moja, maji glasi nane. Alinakili hata pale Yai alipoandika, "Jumanne, sikula cha jioni, kichwa kinauma." Na Jumanne ilipofika, Chuma hakula cha jioni. Mumewe alimuuliza anaumwa nini, akajibu kwamba kichwa kinamuuma, ingawa hakikumuuma hata kidogo.

Katika daftari lote hakukuta neno inhela. Alilipekua mara mbili. Pale kazini pia hakuwahi kumwona Yai akivuta ile ya kahawia. Akahitimisha kwamba mdogo wake amepona kwa chakula, na kama Yai alifika mia tatu na tisini kwa chakula kitupu, basi yeye atafika kwa chakula kitupu vilevile. Akisaidiwa na dawa haitahesabika. Akaichukua inhela yake ya kahawia akaizika nyumbani, kwenye kopo la vifungo, chini ya vile vikubwa vya makoti.

Wiki mbili za kwanza alijiona mwepesi. Sketi ililegea, usingizi ulikuja vizuri, mumewe akamsifu. Alianza kuimba kazini. Wiki ya tatu kikohozi cha alfajiri kikarudi. Alijilaumu kwamba siku mbili aliongeza kijiko cha sukari kwenye chai, jambo ambalo kwenye daftari halikuwemo, akajikaza. Wiki ya nne alianza kuvuta ile ya bluu chooni, mlango umefungwa. Wiki ya tano alivuta mara tano kwa siku na akaongeza machungwa. Kila alipobanwa alimwangalia Yai, aliyekaa kwenye cherehani yake anakula chungwa taratibu kama mtu asiye na deni na dunia, na roho ikamuuma kuliko kifua.

Sare za muhula zikaingia siku ya Jumatatu asubuhi. Gari lilishusha majora ya kitambaa cha bluu chini ya ngazi, kila jora zito kama mtoto wa shule, na mafundi wakaanza kuyapandisha wawiliwawili. Bosi alikuwa amesimama juu, mikono nyuma. Yai alimwambia dada yake aache, wengine watapandisha. Labda bila neno lile Chuma angeacha. Alilikumbatia jora moja, akalitupia begani, akampita mdogo wake kwenye ngazi ya tano bila kumtazama.

Alifika juu, hilo asinyimwe. Aliliweka jora mezani mbele ya bosi, akageuka ili amwone Yai akiwa bado yuko chini. Akafungua mdomo kusema neno la kejeli alilokuwa amelitayarisha tangu ngazi ya kumi, na neno halikutoka. Hewa ilikuwa imejaa ndani na haikutaka kutoka, na nyingine haikupata pa kuingia. Aliushika ukingo wa meza. Aliona vidole vyake vya chaki, kisha akaona kucha zake zinabadilika rangi.

Ni Yai aliyemfikia wa kwanza. Alizipanda zile ngazi kwa mbio, yeye aliyekuwa hakimbii hatua kumi. Alimkalisha, akamwinamisha mbele, akachomoa inhela ya bluu mfukoni mwa aproni yake akamvutisha, mara moja, mara ya pili, ya tatu, akimhesabia pumzi sikioni kwa sauti ya chini. Bosi mwenyewe ndiye aliyembeba hadi kwenye gari.

Kliniki walimvisha barakoa yenye mvuke wa dawa. Ilichukua muda mrefu kabla ya mabega yake kushuka. Nesi alipotaka kadi ya kliniki, Yai aliifungua pochi ya dada yake kuitafuta, na pamoja na kadi ikatoka karatasi ya kahawia iliyokunjwa mara nne. Akaikunjua. Alisoma chungwa lake la saa nne. Alisoma samaki wake. Alipofika kwenye Jumanne ya kichwa, aliipitia tena kwa kidole.

Nesi alimuuliza Chuma kuhusu inhela ya kahawia. Chuma akashusha barakoa kidogo akasema iko kwenye kopo la vifungo. Tangu lini? Wiki sita. Nesi hakufoka, na hilo lilitisha zaidi. Alisema kwamba mboga zile zilikuwa zinamfaa, na uzito ulikuwa umeshuka kweli, lakini kwamba leo alikuwa amebakiza hatua chache afe. Kisha akatoka kwenda kuwahudumia wengine.

Wakabaki wawili. Yai alikuwa bado ameishika karatasi.

"Dada, mimi navuta ya kahawia kila siku," alisema. "Asubuhi kabla sijapiga mswaki, na jioni. Miaka yote hii. Nesi alisema tuandike chakula, nikaandika chakula."

Chuma alifumba macho juu ya barakoa yake, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa mahakamani. Karatasi ya Yai, na hakuongeza vidole viwili. Fundi wa miaka ishirini na tano amekata kama yule mgeni.

"Kwa nini hukuniuliza?" Yai akasema. "Ningekwambia. Ningekuletea mwenyewe."

Chuma aliivua barakoa kabisa. Pumzi ilikuwa bado fupi, kwa hiyo alisema kwa vipande. "Kwa sababu nilikuonea wivu. Tangu lile yai. Kila asubuhi, mbele ya macho yangu. Nilikuwa nikila maganda."

Hapo sasa limesemwa. Yai alikaa akimtazama, na machozi yakaanza kumtoka bila yeye kuyafuta. Alisema kwamba hakujua. Alisema yai lile lilikuwa linamshinda kumeza, kwamba alilila akiwa na pumzi fupi na mama amemkazia macho, na kwamba mara nyingi alitamani dada yake alile badala yake. Unafikiri Chuma alilainika kwa maneno hayo? Aliwaza: tazama, hata kulichukia yai alipewa yeye.

Alipumzishwa nyumbani siku tisa, kwa amri. Sare hazikungoja. Yai alikata. Kila jioni Chuma alikaa kitandani akiuona mkono wa mdogo wake ukipita juu ya meza yake, mkasi wake ukifunguka katika vidole visivyo vyake, mafundi wakimsubiri mtu mwingine. Alivuta ile ya kahawia asubuhi na jioni, akala mchicha wake, akawaza mabaya.

Siku ya kumi alizipanda ngazi ishirini na mbili polepole, akapumzika katikati mara moja. Alijua atakuta meza imeshahama. Akaukuta mkasi wake mahali alipouacha, umefunikwa kwa kitambaa kilekile, na vumbi juu yake. Yai alikuwa ametumia wa kwake, ule mdogo, mpaka kidole gumba kikatoka malengelenge. Bosi alipita akasema, bila kusimama, kwamba mwenye meza amerudi na kazi iendelee. Chuma akachukua karatasi ya juu ili aanze. Pembeni yake, kuzunguka shati zima, ulipita mstari wa pili, mpya, na kwa mwandiko wa Yai imeandikwa: ongeza vidole viwili. Akachukua ya chini yake. Nayo imeandikwa. Zote zilikuwa zimeandikwa.

Alikata hadi saa saba, dirisha limefunguliwa, kitambaa puani.

Mchana Yai alivuta kiti hadi kwenye meza ya kukatia. Alikuwa na mchicha, machungwa mawili, na yai moja la kuchemsha. Alilimenya, akaweka maganda juu ya karatasi. Kisha akakata uzi kwenye kibiringo, akauzungusha kwenye yai, akavuta, likagawanyika sehemu mbili. Akaisogeza sahani katikati.

Chuma alizitazama nusu zile. Fundi ni fundi, alizipima kwa macho, akaona ya kushoto imezidi kidogo. Akamtazama mdogo wake, na mdogo wake akajifanya anamenya chungwa.

Akachukua ya kushoto. Aliila taratibu, akaimaliza yote, kisha akakunja karatasi yenye maganda, akainuka na kwenda kuyatupa.